Leo nimekata kucha

Leo jioni nimekata kucha kwa mkasi. Kwa wengine hilo si jambo la kuandika, ila mimi tangu nikiwa darasa la tatu sikuwahi kuwa na kucha ya kukata. Nilizitafuna zote, na zilipokwisha nikahamia kwenye ngozi ya pembeni, mara nyingine hadi damu. Ukubwani nikajifunza kuficha: mikono mfukoni, ngumi juu ya meza, kalamu nimeibana ili jirani asione ncha za vidole. Leo nimetandika karatasi mapajani, vipande vikaangukia hapo, nikavihesabu. Kumi na kimoja. Kidole gumba cha kushoto kimetoa viwili.

Hii ni wiki ya kumi tangu nianze tiba ya hipnosi, ya kuongozwa kwa maneno hadi akili itulie na kuyapokea. Kabla ya hapo nilishajaribu dawa chungu ya kupaka kwenye kucha, nikauzoea uchungu wake. Nikajaribu plasta kwenye kila kidole. Nikaapa. Kesho yake saa nne asubuhi nilikuta kidole kiko mdomoni na sijui kimefika saa ngapi. Hilo ndilo lililonichosha kuliko kucha zenyewe, kwamba mwili wangu unafanya jambo ambalo mimi sikuliamua.

Siku ya kwanza nilimwambia wazi mama anayenitibu kwamba naogopa. Nilishaona maonyesho ya jukwaani, watu wazima wakiamrishwa kubweka. "Mama, nikilala halafu ukaniambia nifanye nisilolitaka?" Akanijibu: "Hulali, mwanangu. Utanisikia mwanzo mpaka mwisho, na ukitaka kuinuka utainuka uende zako." Ndivyo ilivyokuwa. Nilisikia gari likipita nje, nikasikia kiti chake kikilia alipojisogeza.

Baadaye nikasoma kwamba jina lenyewe ndilo linalopotosha. Limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi, na aliyelieneza ni James Braid, daktari mpasuaji Mskoti aliyefanya kazi Manchester, katika kitabu chake cha mwaka 1843. Miaka michache tu baadaye yeye mwenyewe aliliona halifai, kwa sababu alichokishuhudia kwa wagonjwa wake kilikuwa akili iliyotulia juu ya wazo moja. Akapendekeza jina jingine lenye maana hiyo, lakini watu walikuwa wameshalizoea lile la kwanza.

Akili iliyotulia juu ya wazo moja. Kwangu wazo hilo lilikuwa mkono. Baada ya kutazama nukta ukutani, juu kidogo ya usawa wa macho, hadi kope zikawa nzito, aliniambia niuinue mkono kuelekea mdomoni kama ninavyofanya siku zote, ila polepole mno. Katikati ya safari akaniuliza: "Kidole gumba kinafanya nini?" Nikagundua kitu ambacho sikuwahi kukijua katika miaka yote hiyo. Kabla mkono haujapanda, kidole gumba hupita juu ya ncha za wenzake, kimoja kimoja, kikitafuta ukingo wenye mkwaruzo. Kikiupata, ndipo mkono unapanda. Tulirudia mara nyingi. Kisha akanipa maneno, kwa sauti ileile ya taratibu: kila kidole gumba kitakapoanza kutafuta, nitashusha pumzi, na kiganja kitakuwa kizito na kutulia juu ya paja. Niliyarekodi kwenye simu. Kila usiku, dakika kumi, nahesabu kutoka kumi hadi moja nikiyasikiliza.

Lazima niseme pia kwamba yeye hakuwa wa kwanza. Kabla yake nilikwenda kwa mwingine aliyeniahidi kunirudisha utotoni tukautafute mzizi wa tatizo. Nilitoka kwake nikilia, na picha kamili kichwani: mimi mdogo, nimefungiwa kwenye chumba cha giza chenye mlango wa bluu. Nilikaa na picha hiyo mwezi mzima. Nilimnunia mama yangu bila kumwambia sababu. Nilipojikaza kumuuliza, alinitazama kwa mshangao mkubwa. Nyumba yetu haikuwa na chumba kama hicho, na kaka yangu aliyenizidi miaka sita akasema vilevile. Wataalamu wameonya kwa muda mrefu kwamba kumbukumbu zinazochimbwa mtu akiwa katika hali hiyo zinaweza kuwa za kubuni, na mwenyewe akaziamini kama kweli tupu. Mimi nililijua nikiwa nimeshamuumiza mama. Ukisikia mtu anakuahidi kukuchimbia yaliyosahaulika, nakuomba uondoke.

Nimefikiri sana jinsi jambo lilelile lilivyoniumiza kule na kunisaidia huku. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume, mwanasayansi Mmarekani Benjamin Franklin akiwemo, kuchunguza uponyaji ulioitangulia hipnosi, wa daktari Franz Mesmer, aliyedai kuna majimaji yasiyoonekana yanayopita kati ya mtabibu na mgonjwa. Tume iliwapima watu waliofunikwa macho, ikasema majimaji hayo hayapo, na yaliyowapata wagonjwa yalitokana na nguvu ya kuwaza. Wengi huisoma hukumu ile kama mwisho wa habari. Mimi naona habari inaanzia hapo, maana watu wale walitetemeka kweli, na mimi nililia kweli juu ya mlango wa bluu ambao haujawahi kuwepo. Kitu chenye nguvu hiyo, bora nikitumie kuuzoeza mkono wangu utue juu ya paja.

Si kila mtu huzama sawa. Tangu 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wana vipimo vya kuonyesha nani huitikia kwa urahisi na nani kwa shida, na walio wengi wako katikati. Mimi ni wa katikati. Mama anayenitibu aliponijaribisha zoezi la mkono kuinuka wenyewe, wangu ulipanda kimo cha vidole viwili ukakwama. Tena tiba hii haitibu kila kitu. Kwa maumivu sugu ya tumbo ambayo vipimo havionyeshi kidonda imeaminika kiasi kwamba mwongozo wa afya wa Uingereza wa 2008 uliiweka miongoni mwa njia za kufikiriwa dawa zikishindwa, ilhali kwa kuacha sigara haijathibitika kuzishinda njia nyingine. Na mwenye sonona nzito au anayesikia sauti zisizokuwepo aanze kwa daktari.

Wiki ya nne niliangukia pabaya. Siku moja ya maneno makali kazini, na usiku nikakuta vidole vitatu vimetafunwa. Nilitaka kuacha kabisa. Mama yule hakunilaumu, aliuliza tu: "Vile saba vingine vilinusurika vipi?" Sikuwa na jibu, nikakaa kimya nikiviangalia. Tukafanya kazi na vile saba.

Alhamisi nitazungumza mbele ya kikao, dakika kumi na tano, jambo ambalo nimelikwepa miaka miwili kwa sababu ya mikono hii. Kila usiku sasa nalipitia nikiwa nimefumba macho: nafika, nakaa, naweka viganja wazi juu ya meza ya kioo, nasikia ubaridi wake, naanza. Jana nilifika hadi sentensi ya tatu kabla kifua hakijabana.

Sasa hivi, wakati natafuta neno la kumalizia aya iliyopita, kidole gumba kimepita juu ya kidole cha pete kikakuta mkwaruzo. Nimeusikia. Nimeshusha pumzi, nimechukua tupa ndogo ya kucha, nimeulainisha.