Nilivyopika faji ya chokoleti Mwanza bila kuifuata namba ya kitabuni

Maelekezo ya kupika faji ya chokoleti ya kizamani, yaani peremende laini ya sukari na maziwa, karibu yote yana namba ileile: chemsha mpaka nyuzi joto 112 hadi 116, kisha ipua. Namba hiyo ni sahihi ukiwa Tanga au Dar es Salaam. Sisi wa Mwanza tukiifuata tunapata kitu cha kuvunjia meno, kwa sababu Ziwa Victoria lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Ile namba kazi yake ni kukuonyesha maji kiasi gani yamebaki kwenye sukari. Huku kwetu yanatoka mapema, kwa hiyo sukari inakolea vilevile ikiwa na joto pungufu kwa nyuzi kama 4.

Basi kabla sijagusa sukari nilichemsha maji matupu, nikatumbukiza kipimajoto, nikasoma 96. Nikatoa 4 kwenye 114, nikaandika 110 kwa chaki ukutani, juu ya jiko.

Vipimo vyangu: sukari vikombe 2, unga wa kakao theluthi moja ya kikombe, maziwa robo tatu ya kikombe, chumvi ya kubana kwa vidole, asali kijiko kikubwa 1, siagi vijiko vikubwa 2 na vanila kijiko kidogo 1. Kakao iwe tupu, si ile ya kunywa iliyokwisha kuchanganywa na sukari. (Kakao inalimwa Kyela, lakini kopo nililolipata mjini lilitoka nje ya nchi. Tuyaache hayo.) Maziwa ni ya ng'ombe, ya kuchemsha, na mtandu wake sikuutoa. Asali ina kazi maalumu: sukari zake huzuia chembe za sukari ya miwa zisishikane zikawa mchanga. Wapo wanaotumia limau kwa kazi hiyo, ila penye maziwa limau litayakata. Majarini inakubali pia, lakini ladha yake hubaki ulimini muda mrefu kuliko ya chokoleti.

Nilipikia mkaa, gesi naitunzia chai ya asubuhi. Sufuria iwe nzito na kubwa, mchanganyiko usizidi theluthi yake, maana maziwa na sukari vikipanda havina adabu. Unakoroga kila kitu isipokuwa siagi na vanila kwa moto wa wastani mpaka sukari iyeyuke kabisa. Ikianza kutokota, toa mwiko, funika dakika 2 au 3 ili mvuke uoshe punje zilizoganda ubavuni mwa sufuria, halafu funua na usikoroge tena. Punje moja tu ikirudi ndani yaweza kuharibu chungu kizima. Mkaa nilikuwa nimeutandaza mapema, moto usiwe mkali katikati peke yake.

Hapo ndipo mama mwenye nyumba alipotokea. Yeye hupika kashata za karanga za kuuza, na kipimajoto changu hakikumsisimua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho kidude cha nini, mwanangu? Lete bakuli la maji."

Akadondosha tone la uji ule kwenye maji baridi, akalikusanya kwa vidole viwili. Lilijikunja likawa kidonge. Alipolitoa majini likalegea kiganjani, likatanda. "Ipua," akasema. Kipimajoto kilikuwa kinaigusa 110.

Akashika mwiko ili akoroge palepale, kama afanyavyo kwa kashata. Ilibidi nimzuie. "Hii tunaiacha kwanza, mama, ipoe." Faji ikikorogwa ya moto, chembe za sukari huzaliwa chache na kukua kubwa, ulimi unasikia mchanga. Ikikorogwa imepoa, zinazaliwa nyingi mno kwa wakati mmoja, zinabaki ndogo kiasi kwamba huzisikii. Nikaweka siagi na vanila juu, bila kugusa, sufuria ikakaa juu ya kitambaa zaidi ya saa nzima. Unajua imefika ukiweza kukalisha kiganja chini ya sufuria na kusikia uvuguvugu tu, kama nyuzi 45.

Kisha kupiga. Mwanzoni ni nzito na inang'aa, mwiko unavuta nyuzi. Dakika zinakwenda, mkono unaingia ganzi, huoni tofauti yoyote. Mwaka 1888 mwanafunzi mmoja wa Chuo cha Vassar kule Marekani, Emelyn Hartridge, alipika ratili 30 za faji kwa ajili ya mnada wa chuoni. Hizo ni zaidi ya kilo 13, na mimi nalalamikia kisufuria kimoja! Tukapokezana na mama mwenye nyumba. Yeye ndiye aliyeona kwanza: mng'ao ukafifia pembeni, mfereji wa mwiko ukaacha kujifunga, rangi ikapauka kidogo. Hapo hakuna kusubiri. Nikamwaga karanga za kukaanga, nikageuza mara chache, nikaimimina kwenye sinia lililopakwa siagi. Ukichelewa kidogo tu inagandia sufuriani.

Kata ikiwa bado ina uvuguvugu, kwa kisu kilichochovywa maji ya moto. Siku za mvua hubaki laini zaidi kwa vile sukari hunyonya unyevu wa hewani. Ongeza nyuzi 1 wakati wa kuchemsha. Itunze kwenye kopo lenye mfuniko mkavu, si kwenye friji. Mafuta ya siagi hubeba harufu upesi, na friji ya nyumba yetu, kama nyingi za hapa mjini, haikosi sato.