Tulianza na kuta, spika zikafuata: ukumbi wa mtaa wetu Tanga

Ukumbi wa mtaa wetu hapa Tanga una urefu wa mita 24, upana wa mita 12 na dari ya jipsamu iliyo mita 5 kutoka sakafuni. Kuta ni za tofali na plasta, sakafu ni vigae vitupu. Asubuhi akina mama wa vikoba hukaa humo kuhesabu hisa zao, jioni wanafunzi hupata masomo ya ziada, Jumamosi kuna sendofu au maulidi, na mara chache kwa mwaka mwenyekiti huitisha mkutano mkuu wa mtaa. Malalamiko yalikuwa yale yale kila mara: waliokaa mbele wanaumwa masikio, waliokaa nyuma hawaambulii kitu. Kamati ilipopata fedha kutokana na michango na akiba ya kukodisha ukumbi, nikakabidhiwa usimamizi wa sauti, picha na taa, kwa kuwa nimesomea umeme na niliwahi kushika mitambo ya redio.

Wajumbe karibu wote walitaka spika kubwa. Mimi nikasema tusinunue spika hata moja mpaka tuujue ukumbi wenyewe. Nilipopiga kofi moja katikati ya ukumbi mtupu, sauti ilizunguka muda mrefu mno kabla ya kufa. Hesabu yake aliiweka wazi Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza mwaka 1895 kwa kuhamisha mito ya viti kutoka jumba moja hadi jingine, usiku kwa usiku, akipima sauti inachukua sekunde ngapi kupotea. Unachukua ujazo wa chumba, unazidisha kwa 0.161, kisha unagawa kwa mita za mraba za kila kinachonyonya sauti. Ukumbi wetu una mita za ujazo 1,440. Kuta, dari na sakafu jumla yake ni mita za mraba 936, lakini plasta na vigae hunyonya sauti kidogo sana. Nikikadiria wastani wa asilimia 5, nabaki na mita za mraba 47 tu zinazofanya kazi. Jibu ni karibu sekunde 5. Mahali pa kuongea panataka sekunde 1, au juu yake kidogo.

Hesabu haikuwashawishi wajumbe. Kilichowashawishi ni jaribio la maneno. Nilimweka mwalimu mmoja jukwaani na maikrofoni ya zamani, nikawapa karatasi vijana wa kidato cha pili waliokaa safu za nyuma. Mwalimu akasoma paka, taka, kaka, pata, bata, kata, saka, akiyachanganya, na wao wakaandika walichosikia. Wengi walikosa karibu nusu. Kisha tukaongeza sauti na kurudia. Walikosa zaidi.

Sababu yake ni hii: katika usemi wetu nguvu iko kwenye irabu, ilhali kinachotenganisha paka na taka ni konsonanti, ambazo ni fupi na dhaifu. Ukumbi unapoishikilia "a" ya silabi iliyopita, inaifunika "t" inayokuja. Ukiongeza sauti unaongeza vyote viwili, "a" inayong'ang'ania na "t" inayozama. Na katika mkutano wa michango, "tutachanga" na "hatutachanga" zimetenganishwa na silabi moja ya mwanzo. Mzee aliyekaa nyuma ana haki ya kujua ni lipi limepitishwa. Hilo ndilo lililonifanya nisimame kidete.

Basi fedha za kwanza zikaenda ukutani, na hapo pakazuka hoja ya nini kibandikwe. Mjumbe mmoja alileta trei za mayai. Trei ni karatasi nyembamba. Hutawanya kidogo sauti nyembamba, haziigusi sauti ya mtu anayeongea, na zikishika moto haziwahiwi. Mwingine akapendekeza sponji za magodoro, ambazo kweli hunyonya sauti vizuri. Hizo nilizikataa kwa nguvu zangu zote. Mwaka 2003, katika ukumbi wa muziki huko West Warwick, Marekani, cheche za fataki zilishika sponji iliyobandikwa ukutani, watu 100 wakafa. Januari 2013 ikawa vile vile Santa Maria, Brazili, na waliokufa walikuwa 242. Sponji ya namna hiyo ikiungua hutoa moshi wa sumu unaomwangusha mtu kabla hajaufikia mlango. Ukumbi wa sendofu una mishumaa, una fataki za keki, una watoto. Ukisoma haya nawe una ukumbi wenye sponji ukutani, nakuomba uibandue.

Tulichotumia ni pamba ya mawe, ile inayofungwa kwenye mabomba ya boila viwandani ili joto lisipotee. Haiungui. Fundi seremala alitengeneza fremu za mbao, tukajaza pamba ya unene wa sentimita 5, na kila fremu tukaiacha nafasi ya sentimita 5 nyingine kati yake na ukuta, kwa sababu hewa iliyo nyuma huisaidia pamba kunyonya sauti nzito zaidi. Mafundi walivaa glavu na barakoa, maana nyuzi zake huwasha. Nguo ya kufunika ni marekani, iliyoshonwa na akina mama wa vikoba wenyewe, na walilipwa kwa kazi hiyo.

Ukuta wa nyuma ulitangulia. Sauti ikitoka jukwaani ikagonga ukuta ule na kurudi, imesafiri mita 48, na kwa mwendo wa karibu mita 343 kwa sekunde inamrudia msemaji baada ya sehemu ya kumi ya sekunde na ushee. Ndiyo maana wasemaji wetu walikuwa wakisita na kuburura maneno: kila mmoja alikuwa anapishana na nafsi yake. Baada ya nyuma tukagawanya fremu kwenye kuta za pembeni, kuanzia usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa kwenda juu, zisiwe zinatazamana moja kwa moja. Jumla zilifika mita za mraba 80. Kwa hesabu ile ile ya Sabine, ukumbi mtupu sasa uko kwenye sekunde 2, na watu 200 wakiketi unakaribia sekunde 1, kwa kuwa mwili wa mtu na nguo zake nao hunyonya sauti. Tulirudia jaribio la maneno kwa maikrofoni ile ile ya zamani na spika zile zile. Makosa yalibaki machache, na mengi yalikuwa ya pata na bata, maneno ambayo hata ana kwa ana huchanganywa.

Mwenyekiti akaniambia, "Kumbe tungeishia hapa." Hapana, spika bado zilihitajika, ila si zile za kutisha zilizokuwa kwenye orodha ya mwanzo. Tulinunua mbili nyembamba ndefu za mbele, ambazo hupeleka sauti kwa watu kuliko darini, na mbili ndogo za katikati ya ukumbi. Hizi za katikati zina jambo moja ambalo fundi asipolijua ataharibu kila kitu. Umeme hufika kwenye spika ya katikati papo hapo, lakini sauti ya mbele inatumia milisekunde 35 kutembea mita 12. Usipoichelewesha ile ya katikati, msikilizaji wa nyuma anasikia neno mara mbili. Tuliichelewesha milisekunde 35, tukaongeza 10 juu yake. Hizo 10 zinatokana na alichoonyesha Helmut Haas mwaka 1949: sikio huamini sauti inatoka upande ilikotangulia kufika. Kwa hiyo bibi aliyekaa safu ya mwisho anasikia vizuri kwa spika iliyo karibu naye, na bado anahisi anayeongea yuko jukwaani anakotazama.

Spika zote zimeelekezwa chini, kwenye viti. Msikiti uko nyuma yetu na nyumba za watu ziko pande mbili. Hatukutaka mtoto wa jirani akose usingizi kwa sababu ya mkutano wa ulinzi shirikishi.

Mvumo mzito uliokuwa ukisikika kwenye spika muda wote ulitokana na ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini. Hewa ya bahari hapa hula chuma, na kiungio cha waya wa ethi kwenye nondo yake kilikuwa kimebaki kutu. Tulichimbia nondo mpya, fundi akapima kwa mita, kisha tukaupa mtambo wa sauti laini yake yenyewe kutoka kwenye meinsuichi, mbali na feni na taa. Waya za maikrofoni hazitembei sambamba na waya za umeme. Zikilazimika kukutana, zinakatizana kwa pembe mraba. Plagi za maikrofoni hufutwa kila mwezi, na maikrofoni hulala kwenye sanduku lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Anayeishi bara huenda akaona huu ni usumbufu. Pwani ni lazima.

Maikrofoni zisizo na waya tulinunua mbili tu, na mbili za waya. Kabla ya kununua zisizo na waya, tazama masafa yake, yaani mawimbi ya redio zinayotumia. Sehemu ya megahezi 694 hadi 790, iliyokuwa ya televisheni, ilitengwa kwa simu za mkononi Afrika na Ulaya. Sokoni bado kuna maikrofoni za bei rahisi za masafa hayo. Zitafanya kazi dukani, kisha zitakatika siku ya mkutano. Waulize TCRA, ndio wasimamizi wa masafa nchini.

Upande wa picha tulikuwa na mvutano mfupi. Kuna waliotaka televisheni kubwa moja ukutani. Kanuni ya mafundi ni kwamba anayekaa mbali kabisa asizidi mara sita ya kimo cha picha, la sivyo hawezi kusoma maandishi. Kwa mita 24 hiyo ni picha ya kimo cha mita 4, na jukwaa letu halina nafasi hiyo. Tukaweka projekta mbele yenye picha ya upana wa mita 3, na televisheni moja katikati kwa ajili ya safu za nyuma, zote zikionyesha kitu kimoja. Projekta ichaguliwe kwa lumeni za ANSI, kipimo cha kiasi cha mwanga inaotoa. Namba nyingine nyingi zinazochapwa kwenye maboksi hazina maana. Yetu ni ya lumeni 4,000, na tumeweka mapazia mazito upande wa magharibi ambako jua la alasiri lilikuwa linafuta picha yote. Mapazia hayo nayo yananyonya sauti. Waya wa HDMI wa kawaida hauaminiki ukipita mita 10 hivi, kwa hiyo picha inasafiri kwenye kebo ya mtandao yenye kisanduku kila mwisho.

Taa nilizipenda kuliko vyote. Zamani tulikuwa na tyubu laiti za wati 36, nusu yake zikipepesa. Tumeweka LED za wati 18, za rangi ya kelvini 4,000, kipimo cha rangi ya mwanga. Zile nyeupe sana za 6,500 huwafanya watu waonekane wagonjwa. Kabla ya kulipa nilielekeza kamera ya simu kwenye kila aina ya taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa duni huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila video hutoka na mistari inayotembea. Zilizotoa mistari zilirudi dukani.

Jukwaani taa hazitoki tena juu ya kichwa, ambako zilikuwa zinaacha macho ya msemaji gizani. Zinatoka mbele, kulia na kushoto, kwa mwinuko wa nyuzi 45. Ukuta wa nyuma ya jukwaa uliokuwa mweupe tumeupaka bluu nzito. Kamera ikiona ukuta mweupe nyuma ya uso mweusi hulifuata lile jeupe, na uso unabaki kivuli. Pembeni ya jukwaa kuna taa moja isiyozimwa hata projekta ikiwaka: hapo anasimama mkalimani wa lugha ya alama. Katika mtaa wetu kuna viziwi ambao kwa miaka mingi walihudhuria mikutano na kutazama giza. Taa ile ni ya bei ndogo kuliko zote, na ningeulizwa kipi kisitolewe kwenye bajeti ningeitaja hiyo kwanza. Milango yote miwili ina taa za betri zinazowaka zenyewe umeme ukikatika.

Kilichobaki ni watu. Mzee anayetunza funguo aliyatazama yote haya, akaniambia, "Mwanangu, wewe ukisafiri mimi nitayawezaje haya?" Nikamjibu, "Shika moyo, mzee, nitakufungia kazi yote kwenye vitufe viwili." Mikisa, yaani mtambo wa kuchanganya na kurekebisha sauti, iko ndani ya kabati lililofungwa, mipangilio imehifadhiwa. Nje kuna kitufe cha MKUTANO na kitufe cha SHEREHE, na kila kimoja huwasha vifaa kwa mpangilio wake, amplifaya ikiwa ya mwisho kuwaka na ya kwanza kuzima, ili spika zisipate mshtuko. Kwenye mlango wa kabati kuna karatasi ya Kiswahili kwa herufi kubwa: maikrofoni isiposikika ufanye nini, betri zinakaa wapi, umpigie nani. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisahihisha maneno yake mpaka yakamwingia. Wenye sherehe wanaokuja na vyombo vyao wana soketi zao pembeni, hawagusi mtambo wa ukumbi.

Kamati imekubali kwamba sehemu ya kila kodi ya ukumbi iwekwe kando kwa ajili ya betri, plagi na taa zitakazokufa. Kazi moja bado hatujaifikia: feni za darini zina kelele, na tukizizima kwa joto la Februari hakuna anayekaa. Tunatafuta za mwendo wa polepole zenye mapanga mapana, na mwenye kuzijua zilizodumu pwani kwa miaka kadhaa atatusaidia sana akituambia.