Futi ya Fundi Haipimi Mimba

Watu huogopa miezi mitatu ya mwanzo na mwezi wa tisa. Ile ya katikati wanakwambia ndiyo ya raha: kichefuchefu kimekwisha, tumbo bado jepesi, wewe kula, lala, nenepa. Mimi miezi hiyo ndiyo iliyonikondesha.

Ni fundi cherehani, nashonea kibarazani kwetu Ngamiani, Tanga, kwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Mimba hii ilikuwa ya pili. Ya kwanza iliharibika ikiwa na wiki 11, na tangu siku ile nikajizoeza kunyamaza. Hii nilienda kliniki mapema, wiki ya 12 haijaisha. Nikapimwa damu na mkojo, mume wangu naye akapimwa, tukapewa chandarua na kadi. Kadi nikaificha chini ya vitambaa vya wateja. Mama mkwe alijua mwenyewe, siku nilipoigeuzia uso sufuria ya papa mkavu.

Mwezi wa nne ulipoingia kichefuchefu kikaondoka kweli, ila kiliacha mlango wazi. Kikaingia kiungulia. Nikila chakula cha usiku nikalala, moto unapanda mpaka kooni. Kila mtu alinipongeza kwamba mtoto ana nywele nyingi. (Mwanangu sasa ana miezi mitano na kipara chake.) Kilichonisaidia ni kula kidogo kidogo, chakula cha jioni kukitanguliza mapema, na kuachana na mbirimbi na pilipili nilizokuwa nazilamba kama peremende.

Halafu misuli. Saa nane za usiku msuli wa nyuma ya mguu unakaza mpaka unauona umesimama kama yai. Mume wangu alijifunza kuamka nusu usingizi, kukamata vidole vya mguu na kuvivuta kuelekea kwangu, kisha analala tena bila kusema neno. Asubuhi hakumbuki. Nadhani kukanyaga cherehani kutwa nzima kulichangia, kwa sababu nilipoanza kusimama kila nikimaliza gauni moja, nikazunguka uani kidogo, usiku ulipungua kuwa mbaya.

Hayo nilikuwa nayasema. Yaliyonila ni yale niliyokuwa siyasemi.

La kwanza lilikuwa futi. Wiki ya 20 nesi alinilaza kitandani, akabonyeza tumbo kwa kiganja akitafuta linapoishia tumbo la uzazi, akalipata karibu na kitovu. Akatoa futi, ile ile ninayoshinda nayo shingoni, akapima kutoka mfupa wa kinena kwenda juu. Akaniambia kuanzia hapo wiki na sentimita hukaribiana, zikipishana mbili tatu si neno. Kosa lake ni kumwambia fundi. Jioni ile nilijifungia chumbani nikajipima: 17. Asubuhi 21. Kesho yake 18. Nikawa naandika kwenye daftari la wateja, ukurasa wa mwisho, nyuma ya vipimo vya gauni la kicheni pati la mtu. Usiku nikiamka kukojoa napima tena kwa mwanga wa simu. Mimi ninayeweza kukutazama tu ukipita nikajua kiuno chako, nilishindwa kupata namba moja ya tumbo langu mara mbili mfululizo. Nikaamini kwamba mtoto anapungua.

La pili lilikuwa kucheza. Jirani yangu alisikia wa kwake kwenye miezi minne. Wiki ya 20 ikapita kwangu kimya, ya 21 kimya. Nilikuwa nasimamisha cherehani katikati ya mshono nasikiliza. Nikaenda kupiga utrasaundi kwa pesa ya oda za Eid. Yule bwana akasema moyo unapiga vizuri, mtoto yuko sawa kwa wiki zake, kisha akatupia mwishoni kama mtu anayetaja rangi ya ukuta: "Kondo la nyuma limekaa mbele." Sikuuliza. Nikalipa, nikapanda bodaboda, njia nzima nawaza: kama la nyuma limekaa mbele, basi limekaa pasipo pake. Limemzibia mtoto njia. Siku nne nilikaa na hilo. Sikumwambia hata mume wangu.

Sasa niseme habari za benchi. Kliniki yetu watu wanafika saa 12 asubuhi, kadi zinapangwa juu ya meza kwa zamu, halafu mnakaa. Mnakaa sana. Mabenchi mawili ya mbao yanatazamana, na ukikaa saa tatu na wanawake kumi na wawili wenye matumbo, habari zinatoka tu. Miezi ya kwanza nilikuwa nikifika natoa kitambaa napinda mikono ya nguo, najifanya nina kazi. Siku hiyo sikuwa na kitambaa. Mama mmoja wa Makorora, mimba yake ya nne, akaniuliza, "Shoga, mbona umenuna hivyo, umeibiwa?" Ikanitoka yote, kondo na nyuma na mbele.

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kondo la nyuma ndiyo jina lake, mwenzangu! Linaitwa hivyo kwa sababu linatoka nyuma ya mtoto. Hata likae wapi ni la nyuma." Benchi zima likacheka, nami nikacheka, machozi yakanitoka, sijui yalikuwa ya nini. Lakini yule mama hakuishia kwenye kunicheka. Akaniambia karatasi ya utrasaundi nimwonyeshe nesi, kwa maana kuna la mbele na kuna la chini, na la chini ndilo la kuuliza.

Nesi akaisoma. Langu lilikuwa limejishika ukuta wa mbele wa tumbo la uzazi, juu, mbali na mlango wa uzazi. Ndiyo maana sikumsikia mtoto: ni kama mtu anayegonga ukuta wenye godoro. Na kwa mimba ambayo ndiyo ya kwanza kufika huko, akasema, wapo wanaosikia wiki ya 20 na wapo wanaochelewa zaidi. Tukifika 24 bila kitu nimwambie. Nikaona leo ndiyo leo, nikatoa daftari la wateja nikamwonyesha namba zangu. Akazitazama, akanitazama. Akaeleza kwamba kibofu kikiwa kimejaa kipimo kinadanganya, na kwamba kazi si kusoma futi, kazi ni kujua kwa mkono tumbo la uzazi linaishia wapi, na mtu hawezi kujipima mwenyewe akiwa ameinua kichwa kutazama. "Wewe kashone," akasema. "Mimba niachie mimi."

Mtoto alicheza wiki ya 22 na siku tatu, saa kumi jioni, nikiwa napiga overloki suruali za shule. Mafundi watanielewa: pale uzi unapokatika ghafla, unausikia kwenye vidole kabla hujauona. Ilikuwa hivyo, ila chini ya kitovu. Nikaangalia uzi. Ulikuwa mzima.

Tangu hapo nikawa mtu wa benchi. Nilijifunza mengi pale, mengine ya kufaa na mengine ya ovyo. Niliambiwa nisivuke kamba, nisikae mlangoni, ninywe rozela nyingi ili damu ipande. Ila niliambiwa pia kwamba ule mchomo mkali kwenye kinena nikiinuka ghafla hata wao wanao, ni nyama zinazoshikilia tumbo la uzazi zinavutika. Nikigeuka kitandani nigeuke mwili mzima taratibu, nikitaka kupiga chafya nijikunje kwanza. Lile la kujikunja lilifanya kazi siku ile ile. Kuhusu kulala, wote tulikuwa tumeambiwa tulale ubavu, hasa wa kushoto, kwa sababu tumbo likikua ukalala chali linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mimi nilikuwa nikizinduka usiku nimelala chali nalia kabisa kwamba nimemuua mtoto. Kumbe nusu ya benchi huzinduka chali. Unageuka, basi, unaendelea kulala. Nilijaza vipande vya vitambaa kwenye foronya kuukuu nikaiweka mgongoni, ikawa inanizuia.

Siku moja binti mmoja mdogo, sidhani kama alifika miaka 20, akasema wazi mbele ya watu kwamba mkojo unamchoma kama pilipili. Nilimwonea aibu. Halafu nikajionea aibu mwenyewe, maana nami ulikuwa ukinichoma wiki nzima, na nilikuwa naona nikisema watu watafikiri mume wangu si mwaminifu au mimi si msafi. Tulipimwa mimi na yule binti, wote tukakutwa na UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, tukapewa dawa inayofaa kwa mjamzito. Nesi akatuambia kwamba mimba yenyewe inalegeza njia ya mkojo, wadudu wanapata nafasi, na ukiuacha unaweza kupanda kwenye figo au kuleta uchungu kabla ya wakati. Kama yule binti angenyamaza, mimi nisingesema.

Lakini benchi nalo lina mpaka wake, na niliuona asubuhi moja. Mama mwenye mimba ya miezi saba alikuwa akilalamika kichwa, tangu juzi hakitulii, na macho yanamletea maluwiluwi. Tukaanza kama kawaida yetu: hata mimi, ni uchovu, ni jua, kunywa maji. Mimi mwenyewe nilisema ni jua. Bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake, hakuwa ametia neno tangu afike, akainuka. "Hilo si la benchi," akasema. Akamshika mkono, akampitisha mbele ya kadi zote mpaka mlangoni kwa nesi. Presha ilikuwa juu sana. Gari likaitwa. Baadaye tukasikia amelazwa hospitali kubwa, na akitoka huko ataendelea na kliniki ya huko huko. Sikuweza kupinda mkono wa nguo hata mmoja siku ile. Nimelishika neno la yule bibi: damu kutoka, maji kuvuja, kichwa kikali, maluwiluwi, uso na mikono kuvimba, homa, au mtoto aliyekwisha kuzoea kucheza akanyamaza, hayo hayaulizwi wenzio.

Nimebakiza la udongo, na ndilo linaloniaibisha zaidi.

Nilianza mwezi wa nne. Vile vijiti vya udongo vya sokoni, vya kijivu, vikivunjika vinatoa harufu ya mvua ya kwanza. Nilikuwa nafunga vitatu kwenye pindo la khanga, nashona, nauma kidogo, nashona. Vikiisha natetemeka. Wakati huo huo nilikuwa nameza vidonge vya kuongeza damu kila siku bila kuruka, nisije nikalaumiwa. Vilinifunga choo, kikawa kigumu na cheusi. Huo weusi usikutishe, ndivyo vilivyo. Na kwa kuwa vilinichefua, nilivimeza asubuhi na chai ya rangi na chapati.

Wiki ya 24 damu yangu ilikuwa 9.6. Mjamzito anatakiwa angalau 11.

"Vidonge unameza?" nesi akauliza.

"Nameza kila siku, sista."

"Unameza na nini?"

"Na chai."

Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba majani ya chai yanayashika yale madini ya chuma tumboni, yanapita tu yasiingie kwenye damu. Nimeze na maji, chai ikae mbali, saa moja kabla au mbili baada, na nile chungwa au nikamue ndimu, kwa kuwa hivyo vinasaidia mwili kuyavuta. Rozela nisiitegemee. Kisha akauliza polepole, "Na udongo?" Nikatazama chini. Hakugomba. Alinyoosha kiganja tu, kama mama anayemwomba mtoto kitu alichookota. Nikafungua pindo la khanga, nikampa vijiti viwili na kipande. Akasema hamu hiyo mara nyingi huja damu ikiwa pungufu, na huo udongo wenyewe unazidi kuyazuia madini, kwa hiyo nilikuwa nazunguka pale pale. Akanipa dawa ya minyoo nikaimeza hapo hapo, na vile vidonge vitatu vya SP vya kukinga malaria, maana mwezi ulikuwa umefika, nikavimeza mbele yake kwa maji ya kikombe cha plastiki.

Kuacha udongo hakukuwa rahisi kama ninavyosimulia. Wiki ya kwanza nilipita sokoni kwa njia ya nyuma nisiwaone wauzaji. Nilitafuna karoti, barafu, nikamgombeza mume wangu bila sababu. Nilipomwambia mama mkwe ukweli, nilitegemea maneno. Akasema yeye mimba zote tano alikula wa ukutani.

Ulikuwa msimu wa machungwa ya Muheza, mikokoteni imejaa mpaka kona ya barabara yetu. Kila asubuhi mama mkwe akanimenyea mawili, akayaweka kwenye kisahani juu ya meza ya cherehani, kidonge pembeni, na chupa ya chai akaichukua akaenda kuifungia kwake mpaka saa nne. Matembele na dagaa akavisimamia yeye. Wiki ya 28 damu ilikuwa 10.7. Nesi akaiandika kwenye kadi, akaipigia mstari chini, akasema bado kidogo. Machungwa yalikuwa yameanza kupanda bei, tukahamia kwenye ndimu.