Ukishataja kiasi chako, nyamaza

Mapatano ya bei huanza kuharibika pale mtu anapotaja kiasi anachokitaka kisha akaendelea kuzungumza. Kabla mwenzake hajajibu, ameshaongeza "lakini tunaweza kuelewana" au "sijui wewe unaonaje". Kauli hizo hutolewa kwa adabu, na mtoaji hana nia mbaya, ila anayezisikia huelewa jambo moja tu: kiasi kile hata mwenyewe hakiamini. Kwa hiyo kila ninapoombwa ushauri na mtu anayekwenda kujadili mshahara, kodi ya nyumba au malipo ya kazi yake, humwambia ataje kiasi, atoe sababu yake kwa sentensi moja, kisha anyamaze. Kunyamaza huko ni kugumu kuliko kunavyosikika, kwa kuwa ukimya wa sekunde chache humfanya mtu ajione kama amekosea.

Kiasi cha kwanza kutajwa kina nguvu ambayo wengi hawaitambui. Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha katika jarida la Science makala iliyoeleza, miongoni mwa mambo mengine, jaribio la gurudumu la namba. Washiriki walishuhudia gurudumu likizungushwa mbele yao, wakaulizwa kama asilimia ya nchi za Afrika katika Umoja wa Mataifa ilikuwa juu au chini ya namba iliyotokea, kisha wakatakiwa kuikadiria asilimia yenyewe. Kadirio la kati la waliopata 10 lilikuwa 25, na la waliopata 65 lilikuwa 45, ingawa namba hizo hazikuhusiana na swali hata kidogo. Ndiyo maana siukubali ule ushauri uliozoeleka kwamba asiyetangulia kusema ndiye mshindi. Ukiwa umekwisha kuuliza na unajua kazi kama yako hulipwaje, tangulia wewe. Kama hujui, basi afadhali umsikilize mwenzako kwanza.

Wapo wanaojificha nyuma ya viwango viwili, wakisema wanataka "kati ya 70 na 90". Anayelipa hushika 70, na 90 haitajwi tena.

Linalonigusa zaidi ni namna watu wanavyopunguza. Fundi anaambiwa bei yake ni kubwa, naye anajibu, "Haya, nitakupunguzia." Mteja haridhiki, bali anaanza kujiuliza angepunguziwa kiasi gani kama angebana zaidi, na hapo hapo anaomba tena. Mlinganishe na fundi anayejibu, "Naweza kupunguza ikiwa utalipa nusu leo, au ikiwa vifaa utanunua mwenyewe." Bei imeshuka vilevile, lakini kila hatua ina sababu na ina kitu kinachorudi upande wa pili, kwa hiyo mteja anajua kwamba bei ile ilikuwa na hesabu ndani yake. Neno "ikiwa" ndilo ninalolithamini kuliko yote katika mapatano, kwa kuwa linamwezesha mtu kulegeza bila kujidhalilisha, na linampa mwenzake nafasi ya kuchagua badala ya kubishana. Hata mwajiri aliyebanwa na bajeti anaweza kujibu kwamba mshahara hautapanda, ila ikiwa mfanyakazi atakubali, wataupitia upya baada ya miezi sita na ahadi hiyo itaandikwa kwenye mkataba.

"Bei ya mwisho" nayo imetumiwa ovyo mpaka imechakaa. Anayeitamka mara tatu, kila mara kwa kiasi kingine, hana namna ya kuaminiwa siku atakapokuwa anasema kweli. Ni kauli ya kutamkwa mara moja, na mtu aliye tayari kuondoka. Na utayari huo hutokana na kuwa na pengine pa kwenda, kama vile mteja mwingine, nyumba nyingine au ajira nyingine iliyokwisha kuulizwa kabla ya siku ya mazungumzo. Asiye na pa kwenda hulaliwa kwa urahisi hata awe msemaji hodari kiasi gani, kwa hiyo mimi ningetumia muda mwingi zaidi kutafuta hiyo njia ya pili kuliko kufanya mazoezi ya maneno ya kusema.