Usiku wa The Seekers, Royal Albert Hall

Juni 2014 nilikwenda Royal Albert Hall, London, kuwasikiliza The Seekers, kundi la waimbaji wanne kutoka Australia, katika ziara yao ya kuaga. Mimi ni muuguzi wa wodi ya kiharusi, na hasa nilikwenda kumwona Judith Durham, mwimbaji wao mkuu. Mei 2013, baada ya onyesho mjini Melbourne, damu ilikuwa imevuja kwenye ubongo wake. Sauti ilisalimika, lakini uwezo wa kusoma na kuandika, hata kusoma noti za muziki, uliathirika na ikambidi ajifunze upya. Wagonjwa wa aina hiyo ninawauguza kila siku. Najua herufi zinavyomgeuka mtu aliyesoma maisha yake yote.

Akapanda jukwaani, mama wa miaka 70, pamoja na Athol Guy na besi lake, Keith Potger na Bruce Woodley na magitaa yao. Ni wale wale wanne waliofika Uingereza mwaka 1964 kwa meli, wakiwatumbuiza abiria njiani, wakikusudia kukaa wiki chache tu. (Sisi tuliokuja kwa mkataba mfupi tukabaki tunaielewa safari hiyo.) Mwaka 1965 nyimbo zao mbili zilishika namba moja Uingereza.

Nimeimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kanisa tangu nikiwa Moshi, kwa hiyo sikio langu lilikwenda moja kwa moja kwenye mpangilio. Wanaume watatu waliimba karibu karibu, chini yake, wala hakuna aliyetaka kumfunika mwenzake. Yeye alikwenda juu, sauti imenyooka, bila madoido, kila neno likitufikia kule ghorofani.

“Dada, huyu mama hatetemeki hata kidogo,” mwanakwaya mwenzangu aliniambia.

Watu huuita huu muziki mwepesi, wa kupumzikia. Sikubaliani nao. Ukiimba taratibu namna ile, bila ngoma nzito za kukusitiri, ukiteleza kidogo tu ukumbi mzima umesikia. Walipofika kwenye “The Carnival Is Over”, wenye muziki uliotokana na wimbo wa jadi wa Urusi, nilikuwa nalia waziwazi.

Niliporudi kazini nilimfuata mtaalamu wetu wa tiba ya usemi, nikamwomba tujaribu kuimba na wagonjwa waliopoteza maneno. Alikubali, akasema tuanze na mzee aliyekuwa hawezi kutamka hata jina la mkewe.