Nilivyopata intaneshipu ya utafiti Japani bila kulipa tiketi wala kodi ya nyumba

Swali ninaloulizwa sana na wadogo zangu wa chuo ni "dada ulipitia kwa nani?" Jamani sikupitia kwa mtu. Niliaplai onlaini nikiwa mwaka wa kwanza wa masters, mambo ya sayansi ya bahari, UDSM kampasi ya Kunduchi, na nafasi ilitoka OIST, chuo cha sayansi na teknolojia kilichopo kijiji cha Onna, kisiwa cha Okinawa. Ni chuo kichanga, kimeanza kama chuo kikuu 2011, digrii ya kwanza hawana, wanasomesha PhD tu, na kazi zote zinafanyika kwa Kiingereza, kwa hiyo hofu ya Kijapani weka pembeni kabisa.

Kilichonivuta ni kwamba wanachukua watu wa nchi yoyote na gharama kubwa wanabeba wao: tiketi ya kwenda na kurudi, nyumba, bima, na posho ya yeni 2,400 kwa siku ya kazi. Huwezi kutajirika kwa hiyo posho ila ukipika mwenyewe inatosha kula na kubaki na kidogo. Muda ni kuanzia wiki 10 mpaka miezi 6. Dedilaini zipo mbili kwa mwaka, tarehe 15 Aprili kwa wanaotaka kwenda Oktoba mpaka Machi, na 15 Oktoba kwa wanaotaka Aprili mpaka Septemba. Mimi nilichukua ya Aprili kwa sababu masters yetu mwaka wa kwanza ni madarasa na wa pili ni utafiti, nikaona Oktoba ndo naanza utafiti sigongani na mtihani wowote. Angalieni kalenda ya chuo chenu kabla ya kitu kingine, kuna mtu namjua alipata nafasi nzuri tu, tarehe zikaangukia kwenye UE (mitihani ya mwisho wa muhula), akaiacha, iliniuma kama yangu.

Kabla hujajaza fomu yoyote soma wanamtaka nani. Kuna nafasi zinasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp na wala hazituhusu, mfano RISE, intaneshipu ya utafiti ya kwenda Ujerumani inayotolewa na shirika lao la DAAD, ni ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani, Canada, Uingereza na Ireland, unakuta Mtanzania anakesha anaandika barua ya kitu ambacho fomu yenyewe itamkataa. Zilizo wazi kwa dunia nzima zipo, OIST ni mojawapo, nyingine ni VSRP, intaneshipu ya utafiti ya chuo cha KAUST kule Saudi Arabia pembeni ya Bahari ya Shamu, hiyo wanatoa dola 1,000 kwa mwezi na nyumba na tiketi ila wanataka GPA (wastani wa alama) ya 3.5 kwenye skeli ya 4. Anza na hizo zinazokuhusu.

Sasa barua ya maombi. Hapa ndo naomba mnisikilize kwa makini maana naamini ndiyo iliyonipeleka. Pale OIST hawana idara za baiolojia sijui kemia, wana maabara tu, kila moja ina mwenyewe, na wewe unachagua maabara unazotaka, na anayesoma barua yako mwishoni ni huyo mwenye maabara. Kwa hiyo ukimwandikia "tangu utotoni naipenda sayansi na nina ndoto ya kusoma nchi yenu nzuri" hujamwambia chochote. Mimi kabla ya kuandika nilisoma pepa (makala za utafiti) za maabara mbili mpaka nikazielewa, moja ilikuwa ile ya 2011 ambayo watu wa OIST walisoma jinomu nzima, yaani DNA yote, ya tumbawe aina ya Acropora, tumbawe la kwanza duniani kusomwa hivyo. Nikakaa nikajiuliza bahari yangu inaingiaje hapo. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, maana Kunduchi ukisimama ufukweni unakiona kisiwa cha Mbudya, na matumbawe ya pwani yetu yalipauka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi na yakapauka tena 2016, miaka hiyohiyo na ya Okinawa. Nikaandika hivyo. Nikaeleza kwamba kwetu kuhesabu matumbawe ni mtu kuzama na kamba ya kupimia na kibao cha kuandikia, kazi nzuri lakini ya polepole, na nataka kujifunza kutambua matumbawe kwa DNA yanayoiachia kwenye maji ili nije nijaribu Mbudya na Bongoyo. Ukurasa mmoja haukujaa. Mambo ya uongozi wa klabu na vyeti vya semina nikaviacha kwenye CV.

Barua ya mapendekezo nilimwomba lekchara aliyenisimamia praktiko za digrii ya kwanza, sikumfuata profesa mkubwa asiyenijua jina. Nilimfuata ofisini mapema, dedilaini bado ipo mbali, nikamwambia "shikamoo dokta, naomba unisaidie barua, nimekuletea na karatasi za kukukumbusha." Kwenye bahasha niliweka transkripti, rasimu ya barua yangu, tarehe ya mwisho kwa herufi kubwa, na nusu ukurasa wa kazi nilizofanya chini yake, siku tulizochukua sampuli na chombo gani nilikuwa nakitumia mwenyewe. Akasoma palepale akacheka akasema "binti umenirahisishia." Walimu wetu wana wanafunzi mamia, ukimpa jina tu atakuandikia mwanafunzi huyu ana nidhamu na bidii, na barua kama hiyo haina uzito.

GPA nayo inachanganya wengi. UDSM tunatumia skeli ya 5, mimi nina 3.9 ambayo ni apa sekondi, sasa ukiiweka kwa mtu anayefikiria skeli ya 4 anaona kama umekaribia kupata zote, na hiyo ni kumdanganya hata kama hukukusudia. Usijigeuzie mwenyewe kwa vikokotoo vya mtandaoni. Andika 3.9 kati ya 5.0 na uambatanishe ule ukurasa wa transkripti unaoeleza madaraja.

Baada ya muda nikaitwa kwa video na mwenye maabara. Hakuniuliza habari za maisha yangu, aliniuliza kwa nini sampuli za maji ya bahari zinawahi kuharibika kwenye joto na ningezihifadhi vipi kama sina friza karibu. Nikamjibu kwa nilichofanya kwetu, kasha la barafu, na kuchuja mapema badala ya kusafirisha maji. Nadhani hapo ndo aliamua.

Kuhusu hela, gharama kulipwa zote haina maana mfuko wako utakaa kimya. Pasi ya kusafiria ilikuwa 150,000, na ni yako, hakuna anayekurudishia. Kuna picha, kopi, nauli za kwenda mjini ubalozini, na hela ya kula mpaka posho ya kwanza iingie, maana hailipwi siku unayoshuka kwenye ndege. Mama alinikopea kwenye VICOBA yake, nikamrudishia nikiwa kule. Visa yenyewe haikunisumbua kwa sababu chuo ndicho kilichoniombea ile hati ya kustahili kukaa Japani kutoka uhamiaji wao, mimi nikapeleka hati na pasi ubalozini. Wakala anayekwambia umpe laki tano akufanyie hiyo kazi, mkimbie. Kuomba nafasi ni bure na kila kitu unajaza mwenyewe.

Kazi kule, asubuhi tunachota maji baharini, tunarudi kituoni, maji yanapitishwa kwa pampu kwenye kichujio cheupe cha duara kidogo kuliko sarafu ya mia mbili, na kile kichujio ndo mali, ndicho kinachobaki na DNA. Unakishika kwa koleo iliyochomwa moto, unakikunja mara mbili, unakizamisha kwenye kitubu, glavu mpya kila sampuli. Mwanzoni lita moja ilikuwa inanichukua muda mrefu mpaka nikajua kuweka presha vizuri. Nilirudia rudia hadi mikono ikazoea, na itifaki nzima, yaani hatua zote za kazi, niliiandika upya kwenye daftari kwa kutumia vifaa ambavyo maabara yetu ya Kunduchi inavyo, pampu ya mkono badala ya ya umeme.

Sasa hivi nachukua sampuli Mbudya kwa ajili ya tasnifu, na mwenye maabara ya Okinawa amekubali kuwa supavaiza wangu wa pili. Mwenye barua anayetaka isomwe kabla hajaituma anitumie, ila aje ameshataja maabara anayoitaka na pepa moja aliyoisoma.