Saladi zilinigomea mpaka nilipozitia kwenye friji

Bwiru, hapa Mwanza tunakoishi, ni mawe tupu. Wageni huyapiga picha, mimi nagombana nayo: yanakunywa jua mchana kutwa, na saa nne usiku ukiliegemea moja bado lina joto kama ukuta wa jikoni. Katikati ya mawe hayo ndipo nilipotaka kuotesha saladi, mboga niliyoizoea nilipokuwa nikikaa kwa shangazi, Lushoto.

Nilipanda Oktoba, mchana, nikafukia mbegu kama mtu anayepanda mahindi. Haikuota hata moja. Nikabadili duka, nikarudia. Kimya. Shangazi akanicheka kwenye simu: "Mwanangu, hiyo mbegu unaipika!" Kumbe udongo ukipita nyuzijoto 30 hivi mbegu ya saladi hulala tu. Tena hupenda mwanga, haitaki kuzikwa.

Basi nikaifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, nikaiweka chini kabisa kwenye friji, kando ya nyanya, siku tatu. Mume wangu alidhani ni dawa. Siku ya nne, jua likizama, nikaimwaga kwenye trei chini ya mwembe na kuinyunyizia mchanga kiasi cha chumvi kwenye mchuzi. Ikaota karibu yote.

Kazi ikawa kivuli. Nyavu za kuzuia jua ni ghali, nikapata nyavu chakavu za dagaa kule mwaloni Kirumba, wanakoshushia samaki, nikazikunja mara mbili. Kwanza nilizifunga chini mno, joto likajikusanya humo na miche ikanyauka. Nilipozipandisha hadi juu ya kichwa changu, upepo wa mchana kutoka ziwani ukawa unapita. Ila sikuwa nimezifua vya kutosha. Paka wa mtaa mzima walihamia kwangu, wakalala juu ya miche!

Saladi ya kufunga kichwa nimeiacha, napanda ya majani. Namwagilia asubuhi na jioni, natandaza pumba za mpunga, na nachuma majani ya nje mapema bila kusubiri yanenepe, maana shina likianza kurefuka tu, majani yanakuwa machungu na hakuna wa kuyala.

Juni na Julai, usiku ukipoa kidogo, ndio msimu wangu. Oktoba nampisha mchicha, wenyewe hauna habari na jua. Nyavu nimezifua mara tatu sasa, na bado kuna paka mmoja wa rangi ya chungwa anayekuja kuzinusa.